Kufunga kamera za ulinzi nyumbani Dodoma: karatasi kwanza, duka baadaye

Wanaonipigia simu kutoka Nkuhungu, Ilazo, Iyumbu na hata Nala huuliza swali lilelile: "Fundi, kamera nzuri ni ipi?" Nami huwauliza: unataka kumwona nani, akiwa amesimama wapi, saa ngapi? Hapo simu hukaa kimya. Wengi wao wameshanunua seti ya kamera nane, ziko kwenye boksi chini ya kitanda, na nyumba yenyewe ina geti moja na milango miwili.

Basi naandika mara moja, niwe natuma hiki. Kama unajua kushika drili na kupanda ngazi, kamera mbili hadi nne utazifunga mwenyewe kwa wikiendi moja. Ukiamua kumwita fundi, utajua cha kumdai.

Tuelewane kwanza: kamera haimzuii mtu kuruka ukuta. Anayemchelewesha ni ukuta wenyewe, komeo, taa na mbwa. Kazi ya kamera ni kukupa sura yake na saa aliyoingia. Kama getini kwako ni giza na komeo limelegea, pesa ya kwanza ipeleke huko.

Aina zilizopo

Za waya zenye DVR (boksi linalorekodi video za kamera): picha inapita kwenye kebo ya koaxia, umeme wa volti 12 unapita kwenye waya wa pembeni, vyote vinaishia kwenye DVR. Kwa nyumba iliyokwisha na yenye umeme wa TANESCO, hizi ndizo ninazozifunga zaidi. Fundi yeyote mjini anaweza kuzitengeneza, na bando likiisha zinaendelea kurekodi.

Za IP, yaani za mtandao: waya mmoja wa mtandao hubeba picha na umeme pamoja, kwa umbali usiozidi mita 100. Picha ni safi zaidi, gharama pia.

Za WiFi: rahisi kufunga, zinarekodi kwenye memori kadi. Ila ukuta wa tofali za saruji na zege lenye nondo hunyonya mawimbi. Ruta ikiwa sebuleni na kamera ikiwa getini, utaona picha inaganda kila jioni.

Za sola zenye laini ya simu: hizi ni za saiti, pagala au shamba ambako nguzo ya umeme haijafika. Ukijenga Mkonze huku unaishi Dar es Salaam, ndiyo ya kwako. Jua la Dodoma linaitosha kabisa. Ujue tu kwamba ili kuokoa betri huwa inalala, na huamka mwili wa mtu unapopita mbele yake, hivyo sekunde ya kwanza au ya pili unaweza kuikosa. Usiielekeze mahali ambapo mtu anapita kwa kukatiza haraka. Ielekeze kwenye njia anayotembea akiijia.

Kuanzia hapa nazungumzia zaidi za DVR. Mahali pa kufunga, urefu na saa ni vilevile kwa zote.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kamera mbili hadi nne za megapikseli 2 au zaidi, zenye alama ya IP66 au IP67 (hii IP ni alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji, si ile aina ya kamera). Tarakimu ya kwanza, hiyo 6, maana yake vumbi haliingii. Kwa mji wetu usiikubali pungufu. Kwa nje chukua zenye umbo la risasi. Za kuba hushika vumbi kwenye kioo chake, na usiku kioo kinang'aa chenyewe.
- DVR ya chaneli 4, pamoja na hadi diski (diski ya kuhifadhia video) ya TB 1 iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Ile uliyoichomoa kwenye kompyuta ya zamani haikuundwa kuandika usiku na mchana.
- Adapta ya volti 12, ampea 5, kwa kamera nne.
- Kebo, pini za BNC (za kuungia kebo ya picha), konduiti (bomba la kupitishia waya), boksi za kuungia waya, silikoni.
- Drili yenye biti ya zege ya milimita 6, roplagi, ngazi imara na mita ya kupimia volti.
- Gadi kama ile ya friji, na UPS (kifaa cha akiba ya umeme) au betri yenye inveta.
- Ruta, kama unataka kuona kwenye simu.
- Karatasi na penseli. Sitanii.

Hatua kwa hatua

1. Chora nyumba yako. Chora kiwanja kwa juu: geti, milango, madirisha, ukuta, tenki la maji, gari linapolala, servanti kwota. Kisha weka mistari ya njia anazoweza kupita mtu asiyealikwa. Utakuta njia nyingi zinakutana sehemu mbili au tatu, kwa kawaida ndani ya geti, mlango wa jikoni na kona ya nyuma. Kamera ziende hapo. Mama mmoja wa mtaa wa Kisasa aliyetaka kamera sita, tulipomaliza kuchora alinunua tatu, akabakiwa na hela ya taa mbili za nje.

2. Chagua sehemu kwa kusimama, si kwa kukisia. Hii ndiyo hatua inayoharibu kazi nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Urefu: mita 2.5 hadi 3 kutoka chini. Watu hupenda kuziweka juu kabisa chini ya paa ili zisiibiwe. Matokeo yake unapata video nzuri ya kofia.

Umbali: kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi ya milimita 2.8 huona upana mkubwa, lakini sura ya mtu usiyemjua utaisoma vizuri akiwa ndani ya mita 3 hivi. Unayemjua utamtambua hadi kama mita 6. Lenzi ya milimita 4 inaona upana mdogo zaidi, ila inakufikisha kama mita 4 na nusu kwa usiyemjua na mita 9 kwa unayemjua. Hiyo ni mchana, usiku pungufu. Kamera ya kwenye kona ya nyumba inayotazama geti lililo mita 20 itakuonyesha kwamba mtu ameingia. Haitakuambia ni nani. Kwa hiyo geti lipate ya kwake, ifungwe kwenye nguzo au ukuta wa geti kwa ndani.

Jua: kamera inayotazama mashariki hupofuka asubuhi, inayotazama magharibi hupofuka jioni. Ukiweza, itazame kaskazini au kusini. Usipoweza, isogeze ndani ya kivuli cha paa.

Vinavyotikisika: kichanja cha zabibu, nguo kwenye kamba, matawi ya mwarobaini. Upepo wa kiangazi ukianza, simu yako itapokea taarifa mia usiku mmoja na kufikia wiki ya pili utakuwa umeizima sauti. Ndiyo wiki ambayo mtu atakuja.

Ukishachagua, mwombe mtu asimame anapoweza kusimama mwizi, nawe upige picha kwa simu ukiwa juu ya ngazi, pale kamera itakapokaa.

3. Tafuta maficho ya DVR. Kazi yangu ya tatu nilifunga DVR chini ya TV, kwa kuwa mwenye nyumba alitaka kutazama kamera akiwa kwenye kochi. Miezi michache baadaye wezi waliingia wakabeba TV, na DVR ikafuata nyaya zake. Kamera zote nne zilibaki ukutani, nzima, hazina cha kutuambia. Tangu siku hiyo DVR naiweka ndani ya kabati la chumba cha kulala, au darini penye njia ya kufikia na hewa ya kutosha. Ila dari ya bati la Dodoma mwezi wa kumi ni tanuri, kwa hiyo kabati lenye matundu ni bora zaidi. Ukitaka TV ionyeshe, pitisha waya mrefu wa HDMI.

4. Pima waya. Pima njia halisi ya waya, ikipanda na kushuka, kisha ongeza mita 2 kila upande. Umeme wa volti 12 huchoka njiani: ukizidi mita 30 hivi kwa waya mwembamba, kamera itafanya kazi mchana na kuzimika usiku. Kwa masafa hayo nunua waya mnene zaidi, au weka adapta karibu na kamera.

5. Unganisha kila kitu mezani kwanza. Kabla ya kutoboa ukuta, weka kamera zote, DVR, hadi diski na adapta mezani. Washa, rekodi dakika kumi, rudisha nyuma uone. Kifaa kibovu kibadilishwe dukani kikiwa bado na nailoni yake. Hii inakula saa moja, na imeniokoa mara nyingi kushuka na kupanda ngazi.

6. Toboa, pitisha, funga. Zima umeme kwenye swichi kuu kama unatoboa karibu na waya wa nyumba. Toboa kwa kuelekeza tundu juu kidogo kuelekea ndani, ili maji ya mvua yasifuate waya. Waya wote upite ndani ya konduiti. Ukiuacha wazi, panya atauona kabla yako, na mwizi naye ataukata kwa mkasi wa kawaida. Maungio yote yaingie kwenye boksi lililozibwa silikoni. Usiyafunge kwa selotepu ukasema "mvua bado". Mvua zetu huja kwa kishindo kuanzia Desemba, na kazi za namna hiyo ndizo zinazonirudisha site Januari.

7. Umeme. Kamera nne, DVR na ruta hula kama wati 50 kwa pamoja. Kwa siku ni uniti 1.2, kwa mwezi uniti 36. Kama uko kwenye daraja la watumiaji wadogo wenye kikomo cha uniti 75, karibu nusu imekwenda, kwa hiyo piga hesabu kabla LUKU haijakushangaza.

Umeme ukikatika na usiwe na akiba, kamera ni mapambo. UPS ndogo ya kompyuta itakusukuma kwa saa moja au pungufu. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itakupa karibu saa kumi. Weka gadi mbele ya vyote. Radi za masika zinapenda nyaya ndefu za nje.

8. Panga DVR. Mambo manne, usiruke hata moja.

Neno la siri: badilisha lile la kiwandani. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya kamera, DVR na ruta duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Kama fundi ndiye aliyefunga, badilisha akiwa ameondoka, hata kama ni mtoto wa shangazi yako.

Saa: DVR nyingi huja na saa za China, GMT+8. Sisi ni GMT+3, kwa hiyo usiporekebisha kila tukio litakuwa mbele kwa saa tano. Na kumbuka kamera haijui Kiswahili: inaandika 02:14, wewe unaita saa nane na dakika 14 usiku. Nimemwona mtu akitafuta tukio kwenye 08:00 kwa sababu mlinzi alisema "saa nane". Alichokipata ni watoto wake wakienda shule.

Mfumo wa picha: chagua PAL, hezi 50. Ukiacha NTSC, taa za ndani zitaonekana zinapepesa.

Kurekodi: kwa kiwango cha kilobiti 2,048 kwa sekunde, kamera moja hujaza kama GB 22 kwa siku. Kamera nne kwenye TB 1 zinakupa siku 11 hivi, kisha video za zamani zinafutwa zenyewe kupisha mpya. Kama unasafiri mwezi mzima, weka irekodi kwa mwendo tu, au nunua hadi diski kubwa zaidi.

9. Unganisha simu. Pakua programu iliyoandikwa kwenye boksi la DVR, skani msimbo wa QR, weka neno la siri. Kutazama kwa mbali kunakula bando: saa moja ya picha kubwa ni kama MB 900, picha ndogo ni kama robo ya hapo. Chagua picha ndogo, ukihitaji kuona vizuri ndipo ubadilishe.

10. Fanya jaribio la usiku. Saa nne usiku zima taa zote, vaa kofia, ingia getini kwako kama mgeni asiyealikwa. Waambie majirani kwanza. Halafu nenda ukajitazame. Kama mkeo au mumeo hakutambui kwenye picha, rudi hatua ya 2.

Vumbi na buibui

Kila mwezi, na kila wiki mbili wakati wa kiangazi, futa lenzi. Usipangusie kitambaa kikavu, mchanga wetu unakwaruza. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa laini chenye maji kidogo. Pale kwenye kona za kamera piga ufagio: taa zake za usiku huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na uzi wa buibui mbele ya lenzi unaonekana kama kamba nyeupe inayocheza usiku kucha.

Jirani na watu wa nyumbani

Usielekeze kamera kwenye uwanja au dirisha la jirani. Tangu Mei 1, 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria, ugomvi wa namna hii hufika kwa mwenyekiti wa mtaa haraka kuliko ule wa mpaka wa kiwanja. DVR nyingi zina sehemu ya kuziba eneo la picha kwa kiboksi cheusi, itumie. Dada wa kazi na mlinzi waambiwe kamera ziko wapi. Chooni, bafuni na chumba anacholala mtu, hapana.

Siku tukio likitokea

Usichomoe DVR. Chomeka flashi, toa video kuanzia dakika 15 kabla ya tukio hadi 15 baada, katika muundo wake wa asili. Usirekodi skrini kwa simu na kutuma WhatsApp, maana picha inabanwa na sura inageuka uji. Weka nakala mbili. Kama mtu bado yumo ndani, piga 112. Vinginevyo nenda kituoni, chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), peleka flashi na uandike saa kwa mifumo yote miwili.

Na sura ya mtu usiirushe kwenye kundi la mtaa ukiandika "mwizi huyu". Ukiwa umekosea, kijana wa watu anaweza kupigwa mawe kwa ajili ya picha yako yenye ukungu.

Kikigoma

*Kamera inazimika kila usiku, asubuhi inarudi.* Taa zake za usiku zinavuta umeme mwingi na waya ni mwembamba au mrefu mno. Pima volti kwenye pini ya kamera usiku. Ikiwa chini ya 11 hivi, badilisha waya au sogeza adapta.

*Picha ya usiku ni nyeupe kama ukungu.* Vumbi kwenye kioo, au ukuta uko karibu mno na kamera na mwanga unarudi. Futa, kisha geuza pembe kidogo.

*DVR inapiga "piii piii" mfululizo.* Mara nyingi haioni hadi diski. Zima, kaza nyaya zake, washa. Ikiendelea, diski imekufa, na huenda ilikufa zamani. Ndiyo maana kila Jumapili fungua video ya juzi uone kama ipo.

*Simu inasema kifaa hakipo mtandaoni.* Angalia bando, kisha ruta, kisha waya kati ya ruta na DVR, kwa mpangilio huo. Mara tisa kati ya kumi nimekuta bando.

*Chaneli moja ni nyeusi.* Hamishia kebo yake kwenye chaneli inayofanya kazi. Picha ikitokea, tundu la DVR ndilo bovu. Isipotokea, pini ya BNC imelegea au kebo imetafunwa. Anza na pini.

*Taarifa hazikomi.* Punguza usikivu, na chora eneo la kuangaliwa liishie kwenye njia ya miguu. Kama bado, kata tawi. Kuna mzee wa Miyuji alinilaumu wiki nzima kwa kamera "yenye wazimu". Nilipokwenda kutazama, kila usiku saa tisa mbuzi wa jirani alikuwa akipita chini ya geti kula zabibu zake.